Mkorogo, piko na wanja: pale kipodozi kinapovuka mpaka wa dawa

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza taarifa ya wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo, yale yanayomvimbisha mtu uso na miguu kwa sababu protini inavuja kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hawakuwa wamekunywa sumu wala kufanya kazi kiwandani. Walinunua kopo dukani, wakapaka, na krimu ikafanya kile kile ilichoahidi: ngozi ikatakata. Wengine walipoacha walipata nafuu.

Zaidi ya miaka 50 imepita. Marufuku zimeandikwa, mikataba imesainiwa, na bado kila mara tunasikia shehena ya vipodozi vyenye viambata sumu imekamatwa na kuteketezwa. Wengi wetu tukisikia habari hizo tunamaliza mjadala kwa neno moja: kemikali. Neno hilo halitusaidii. Maji ni kemikali, mafuta ya nazi ni kemikali, na klobetasoli, dawa ya kupaka ya kutibu mwasho, ni kemikali. Cha kuuliza ni kama kilichomo kinajulikana, kimo kwa kiasi gani, na nani atawajibika kikimdhuru mtu. Vipodozi vingi vya dukani vina majibu ya maswali hayo matatu. Mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua unaotengenezwa mtaani, hauna hata moja.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana fujo yote inaanzia hapo. Kwa sheria za nchi nyingi, kipodozi ni kitu kinachopakwa juu ya mwili kwa ajili ya kuusafisha, kuupamba, kuunukisha au kuulinda. Dawa ni kitu kinachobadilisha namna mwili unavyofanya kazi, au kinachotibu ugonjwa. Mafuta ya kulainisha miguu iliyopasuka ni kipodozi. Krimu inayozuia ngozi isitengeneze rangi yake inabadilisha kazi ya mwili, kwa hiyo ni dawa, hata kama kopo lake lina picha ya ua na harufu ya embe. Mpaka huu hauko pahali pamoja duniani kote: krimu ya kuzuia jua huhesabiwa kipodozi Ulaya, ilhali Marekani huhesabiwa dawa. Hata hivyo una maana kubwa, kwa sababu dawa hukaguliwa kabla ya kuingia sokoni, huwa na kipimo, huwa na muda wa matumizi, na mara nyingi huwa na mtu wa kuulizwa. Kipodozi humwamini zaidi mtengenezaji. Ukiificha dawa ndani ya kipodozi umeikwepesha kwenye ulinzi wote huo kwa mkupuo.

Rangi ya ngozi hutoka kwenye seli ziitwazo melanositi. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana kati ya mtu mweusi tii na Mzungu; kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, yaani rangi yenyewe, wanayotengeneza, na jinsi inavyosambazwa kwa seli za jirani. Kazi hiyo inategemea enzimu moja, tirosinasi. Karibu kila krimu ya kujichubua inailenga enzimu hiyo, au inazitia ganzi seli zenyewe. Njia zilizozoeleka ni tatu, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu madhara yake hayafanani na namna ya kuacha haifanani.

Zebaki ndiyo ya zamani zaidi. Huizuia tirosinasi vizuri sana, na ndiyo maana watu waliiamini. Shida ni kwamba haikai kwenye ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu, hukusanyika kwenye figo, na hugusa mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usingizi kukatika, kumbukumbu kupotea, hasira zisizo na sababu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba krimu za aina hii zimekuwa na mchanganyiko wa zebaki wa kati ya asilimia 1 na 10. Kiwango cha juu kilichokubalika kimataifa kwa muda mrefu kilikuwa sehemu moja katika milioni, yaani miligramu moja kwa kilo nzima ya krimu. Asilimia moja ni mara elfu kumi ya kiwango hicho. Haya si mabaki yaliyoingia kwa bahati mbaya kiwandani. Mtu aliyapima akayamwaga.

Zebaki pia haimtambui aliyelipia. Hutoa mvuke polepole, hubaki kwenye taulo, mashuka na mto. Mtoto anayelala na mama yake, anayenyonya na kumshika shavu, anapata sehemu yake bila hata tone kupakwa mwilini mwake.

Wakati mwingine kopo lenyewe husema. Tafuta maneno kama "calomel", "mercurous chloride", "mercuric iodide", "ammoniated mercury", "mercurio" au alama Hg. Ishara nyingine ya ajabu kidogo ni onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Sababu yake wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua vizuri: zebaki hushikana na dhahabu, na wao huitumia kuikusanya kutoka kwenye mchanga. Kwenye krimu huwa katika hali ya chumvi, lakini metali ni ile ile. Kipodozi kinachokutaka uvue pete kabla ya kukipaka kimeshakueleza kilivyo.

Historia yake ina fedheha. Soko la Ulaya lilizuia zebaki kwenye vipodozi vyake mwaka 1976, lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko na kusafirishwa Afrika. Kuziuza nje ya Umoja wa Ulaya kulipigwa marufuku mwaka 2003 tu. Mkataba wa Minamata, uliobeba jina la mji wa Japani ulioangamizwa na zebaki ya kiwandani, ulianza kutumika mwaka 2017 na kutaka vipodozi vyenye zaidi ya ile sehemu moja katika milioni viondoke ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kiwango hicho, kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuvushwa mpaka baada ya 2025. Ule mwanya wa awali, wa vipodozi vya macho vilivyotumia zebaki kidogo kama kihifadhi, nao ukazibwa.

Ya pili ni haidrokwinoni, kitu kilichotumika miaka mingi kusafishia picha kwenye vyumba vya giza vya wapiga picha. Daktari wa ngozi akiiandika, kwa kawaida ya asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache, pamoja na krimu ya jua, ni dawa halali ya mabaka. Ikipakwa miaka na miaka chini ya jua letu, inaweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa: mashavu na maungio ya vidole yanageuka rangi ya samawati iliyochanganyika na nyeusi, ngozi inakakamaa na kuwa na vipele vidogo vidogo. Madaktari huita hali hiyo okronosisi, na ni ngumu mno kuitibu. Wanaoipata mara nyingi huongeza krimu wakidhani ni weusi wa kawaida unaorudi, na hapo ndipo wanapoizidisha.

Daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini ndio walioieleza mwaka 1975, kwa wanawake weusi waliotumia krimu hizo. Nchi yao ilipunguza kiwango kwanza, kisha mwaka 1990 ikatoa kanuni zilizokataza haidrokwinoni kwenye vipodozi na hata matangazo ya kipodozi yanayodai kung'arisha au kufanya ngozi iwe nyeupe. Marufuku hiyo ya matangazo naiona ya busara kuliko ile ya kiambata. Ukikataza kiambata kimoja, mfanyabiashara anahamia kingine. Ukikataza ahadi yenyewe, unamnyang'anya kinachomuuzia.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote kwa wakati huu, kwa sababu inauzwa kama dawa ya kawaida na bei yake ni ya soda chache. Ni steroidi za kupaka, hasa klobetasoli na betamethasoni. Kwa daktari ni silaha nzuri dhidi ya pumu ya ngozi na magonjwa ya mwasho. Weupe ni athari yake ya pembeni: hutuliza seli za ngozi kiasi kwamba hata za rangi zinalala. Watu waliona tyubu ya kutibu mwasho inang'arisha uso, habari zikasambaa saluni.

Klobetasoli iko katika kundi la steroidi zenye nguvu kabisa. Huuzwa kwa asilimia 0.05, nusu ya miligramu katika kila gramu, na maelekezo yake yanasema isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Sasa piga hesabu. Mwili mzima wa mtu mzima humaliza takribani gramu 20 hadi 30 kwa kupaka mara moja. Kwenye mkorogo makali yamepunguzwa na losheni, ndiyo, lakini hakuna ajuaye yamepunguzwa kwa kiasi gani, na zile wiki mbili zimekuwa miaka mitano. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Michirizi inatokea mapajani, kifuani na mikononi, na hiyo haiondoki. Chunusi zinafumuka. Fangasi wanasambaa kimyakimya huku mwasho umezimwa, hivyo mtu hajui anaumwa. Dawa ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na tezi zinazotengeneza steroidi yetu wenyewe zinaacha kazi kwa kuwa zinaona ipo tele. Kidonda hakifungi vizuri, jambo linalomhusu sana mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji.

Na anayejaribu kuacha ghafla uso unamwaka moto, unawasha, unavimba na kuwa mwekundu. Anarudia tyubu, unatulia. Mtaani wanasema ngozi imezoea. Si uvivu wa nia; ni mwili uliokwisha kutegemea dawa.

Mkorogo wenyewe, kwa Dar es Salaam na miji mingine, ni mchanganyiko wa hivi vyote: losheni moja, tyubu mbili tatu za famasi, sabuni iliyosagwa, wakati mwingine vidonge na sindano zilizovunjwa humo. Mchanganyaji ana jina zuri mtaani na wateja wa kudumu. Hana mizani, wala kumbukumbu ya alichochanganya wiki jana, kwa hiyo kopo la leo si la juzi hata kama rangi na harufu ni zile zile. Kwenye ubora wa vipodozi hili la kufanana ni jambo zito. Kiwanda kinachofuata utaratibu hutakiwa kuandika namba ya toleo juu ya kila kopo, ili likitokea tatizo makopo ya siku hiyo yafuatiliwe na kurudishwa. Mkorogo hauna namba ya toleo. Ukikuunguza, hakuna cha kurudisha wala wa kumrudishia.

Je, lebo inasaidia? Kwa kiasi. Kanuni ya kawaida ni kwamba viambata huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, ndiyo maana losheni nyingi huanza na "Aqua", maji. Chini ya asilimia moja mpangilio huo haulazimiki. Kiambata cha asilimia 0.05 kingekuwa mwishoni kabisa mwa orodha, na anayekitia kwa siri hakiandiki hata huko. Macho na pua havitambui steroidi. Zebaki inaweza kupimwa haraka kwa kifaa cha mkononi kinachopiga mionzi ya eksirei na kusoma metali iliyomo, lakini haidrokwinoni na steroidi zinahitaji maabara yenye mashine ya kutenganisha viambata. Kwa hiyo mkaguzi anayeingia dukani bila vifaa anakamata tu majina yaliyomo kwenye orodha yake ya marufuku, na muuzaji anabadilisha jina.

Tanzania kulikuwa na chombo kimoja, TFDA, kilichosimamia chakula, dawa na vipodozi. Kuanzia Julai 2019 kikawa TMDA, kikabaki na dawa na vifaa tiba; vipodozi na chakula vikahamia TBS, shirika la viwango. Zanzibar wana Wakala wao wa Chakula na Dawa. Kenya nako KEBS, shirika lao la viwango, wanashika vipodozi na Bodi ya Famasia na Sumu inashika dawa. Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Kwenye meza ya mchanganyaji, tyubu ya klobetasoli ilikuwa ya mamlaka ya dawa asubuhi, mchana imemwagwa kwenye losheni na kuwa ya mamlaka ya viwango. Vyombo vinaweza kushirikiana, na hushirikiana kwenye misako, lakini mwanya uko pale pale ambapo famasi inauza tyubu kumi kwa mtu asiye na cheti cha daktari. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja, ningeanzia hapo kabla ya kumfukuza mama wa genge la vipodozi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja, mfululizo wa EAS 377, vyenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na vilivyowekewa ukomo, na mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka bidhaa zenye haidrokwinoni zipigwe marufuku katika nchi zote. Azimio si sheria, na njia za panya hazisomi viwango. Rwanda walikwenda kwa mkono mzito zaidi: mwishoni mwa 2018 Rais Kagame alipoandika mtandaoni kwamba jambo hili lishughulikiwe haraka, polisi na maofisa wa afya waliingia madukani na kukusanya bidhaa.

Alama za ubora nazo zieleweke zinasema nini. Alama ya TBS au KEBS ina maana kwamba bidhaa ilikaguliwa na mtengenezaji ana leseni ya kuitumia. Haina maana kila kopo limefunguliwa likapimwa. Alama hughushiwa. Kenya mtu anaweza kutuma namba ya kibali iliyo chini ya alama kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kuona imetolewa kwa nani. Ikijibu jina la bidhaa nyingine, umeokoka.

Wapo wanaosema suluhisho ni kurudi kwenye asili. Sisi wa Pwani tuna liwa, singo, hina na wanja, na sina ugomvi na vitu hivyo. Lakini asili si cheti. Wanja wa manga mara nyingi ni jiwe liitwalo galena lililosagwa, na galena ni madini ya risasi. Macho ya mtoto mchanga yakipakwa, risasi humfikia kwa vidole anavyotia mdomoni, na kwa ubongo unaokua hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hina yenyewe, ile ya majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na ni salama kwa watu wengi. Hata hivyo watoto wachanga wenye upungufu wa enzimu ya G6PD, hali inayopatikana zaidi kwenye jamii zilizoishi na malaria, Pwani na Oman zikiwemo, wanaweza kupasukiwa chembe nyekundu za damu wakipakwa hina mwili mzima.

Piko ni habari nyingine. Ule weusi wa michoro ya bi harusi unaoshika ndani ya nusu saa hautoki kwenye jani la hina; unatokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Kwenye rangi ya nywele Ulaya inaruhusu kiasi kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, tena kwa nywele tu. Kuipaka mikononi na kuiacha ikauke ni matumizi ambayo haikukusudiwa. Mara ya kwanza huenda isifanye kitu. Mwili ukishaikataa, siku nyingine mchoro wote unainuka kuwa malengelenge, na mtu huyo anabaki na mzio wa maisha, hata rangi ya nywele hawezi kupaka tena bila kuvimba uso. Mpambaji anayesema piko yake ni hina tupu, muulize inachukua muda gani kushika.

Hata vihifadhi vinavyotukanwa sana vina sababu yao. Losheni ni maji na mafuta, na kwenye maji bakteria wanaishi. Bila kihifadhi, kopo linalochotwa kwa vidole kwenye joto la Tanga linageuka shamba la vijidudu, na baadhi yao, kama sudomonasi, ni hatari kwa jicho au kidonda. Mafuta matupu ya nazi hayahitaji kihifadhi. Kwa hiyo anayekuuzia losheni ya maji "bila kihifadhi chochote", ya kukaa mwaka mzima, ama hasemi kweli ama hajui anachouza.

Kwa upande mwingine wa meza, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hapa ubora hupimwa kwa swali tofauti: je, inafanya kazi? Krimu ya jua ya kiwango cha kinga 30 (SPF 30) huzuia takribani asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa kwa unene uliotumika maabara, na wengi wetu hupaka nyembamba kuliko hapo. Ikiwa kopo limeandikwa 30 na ndani ni losheni tu, mtu mwenye ngozi isiyo na melanini haumii papo hapo. Anaamini amelindwa, anakwenda shamba, na saratani inakuja baada ya miaka. Kipodozi kisicho na sumu hata chembe kinaweza kumuua mtu kwa kutofanya kitu.

Kwa aliyekwisha kuingia kwenye mkorogo na anataka kutoka, asitupe kopo kabla ya kuonana na daktari wa ngozi. Aende nalo, pamoja na majina ya tyubu zote anazozikumbuka. Kama ni steroidi na ametumia muda mrefu, daktari atampunguzia hatua kwa hatua. Kama kuna shaka ya zebaki, hapo aache mara moja, kopo lifungwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa, taulo na foronya za zamani zitengwe, na apimwe mkojo, yeye na watoto anaolala nao. Mjamzito amweleze mkunga mapema. Wakunga wa siku hizi wameona mengi, na swali hilo wengine huliuliza wenyewe.